Kukhu alilisha watoto tisa bila kununua mboga. Sasa niambie nani alilipa

Mwaka jana niliposti video ambayo wengi wenu mnaijua. Ile niko jikoni kwa kukhu, Kakamega, moshi umejaa, nakoroga mrenda kwa chungu halafu naangalia kamera nasema: "Huyu mama alilea watoto tisa na hakununua mboga hata siku moja. Wewe uko Nairobi na watoto wawili na unalia unga umepanda." Video ikalipuka. Mpaka leo ndiyo imeniletea wafuasi wengi kuliko kitu kingine chochote nimewahi kufanya. Komenti zilikuwa moto: "Waambie!" "Kizazi cha uvivu." "Turudi kwa mizizi."

Wiki mbili baadaye senje yangu aliiona kwa simu ya jirani. Senje ni dada mkubwa wa baba, ndiye anaishi na kukhu. Hakusema kitu. Aliangalia mpaka mwisho, akarudisha simu, akaenda kuchukua jembe. Mimi nilikuwa nimekaa hapo kwa kiti nikingoja asifu.

Ilinichukua miezi kuelewa kile kimya. Hii post ni ya kurekebisha ile video. Ni ndefu, kwa hivyo kama uko kwa matatu na bundles zinaisha, soma baadaye.

Kabla hujaniuliza: hapana, mimi si mwanahistoria. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Lakini kuacha chuo hakukuzuii kusoma vitabu, na nyumbani nina walimu wawili ambao hakuna mhadhiri amewahi kuwafikia.

Hiyo "kienyeji" yako ina umri gani?

Tuanze na ugali, kwa sababu hapo ndipo tunajidanganya zaidi. Tukisema "chakula cha babu zetu" tunawaza sima nyeupe ya mahindi. Mahindi yalitoka bara la Amerika. Yalifika pwani yetu enzi za Wareno, karne ya 16, na jina lenyewe linaonyesha watu wa pwani waliyaona kama kitu cha Kihindi, yaani kitu cha kuja na meli. Bara yalipenya polepole sana. Babu ya kukhu, kule Kakamega, alikula obusuma wa wimbi na mtama. Sima ile nyeusi ambayo leo unauziwa bei ghali kwa hoteli ya Westlands ukiambiwa ni ya afya.

Wimbi ni nafaka ya akili. Ni punje ndogo sana, wadudu wa ghala hawaisumbui, na ukiikausha vizuri inakaa miaka. Kwa familia kubwa hiyo ilikuwa benki. Mwaka mbaya ukija, unafungua ghala la mwaka mzuri. Lakini wimbi ina ubaya wake: kupalilia ni kazi ya kuinama siku nzima ukitofautisha mche na nyasi inayofanana nayo, na kuvuna ni kwa kisu, shuke moja moja. Mtama nao ndege wanaupenda kuliko wewe, kwa hivyo mtoto anakaa shambani kutoka alfajiri akipiga kelele. Shika hiyo habari ya mtoto, tutaihitaji.

Halafu mambo matatu yakaja karibu wakati mmoja. Kodi ya kibanda ilianza 1901, na ilihesabiwa kwa nyumba, kwa hivyo mzee mwenye wake watatu analipa mara tatu. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, reli ikafika Kisumu. Na 1907 John Ainsworth akawa mkuu wa mkoa wa Nyanza, ambao wakati huo ulijumuisha Kakamega, akaanza kusukuma mbegu za mazao ya kuuza: pamba, simsim, mahindi.

Unganisha hizo tatu. Serikali inataka pesa, si mbuzi. Reli inabeba gunia. Na kuna nafaka mpya ambayo imejifunga kwa maganda yake, ndege hawaifikii, haihitaji mtoto wa kuilinda na inavunwa haraka. Mwanaume anaenda kutafuta kazi ya mshahara ili alipe kodi, mara kwa reli, mara kwa mashamba ya walowezi, na baadaye, miaka ya 1930, kwa machimbo ya dhahabu hapo hapo Kakamega. Anayebaki na shamba ni mwanamke. Mwanamke aliyebaki peke yake na jembe akichagua mahindi badala ya wimbi, huyo amepiga hesabu ya mikono iliyobaki. Huwezi kumwambia amesahau mila.

Vita Kuu ya Kwanza ikaongeza. Wanaume wa Nyanza walichukuliwa kwa wingi kubeba mizigo ya jeshi la Mwingereza kuelekea Tanganyika. Ile Kariokor unapitia ukienda Gikomba, jina lilitoka kwao. Chakula chao kikubwa kilikuwa unga wa mahindi, mara nyingi umesagwa vibaya na kupikwa haraka bila kuiva, kwa watu ambao tumbo lao lilijua wimbi au ndizi. Makumi ya maelfu ya wabebaji hawakurudi, na wengi waliuawa na magonjwa, hasa ya tumbo, kuliko risasi. Waliorudi walirudi wakijua posho.

Kwa hivyo ukiniambia turudi kwa mizizi, nitakuuliza mzizi gani. Sima nyeupe ni ya juzi. Hata sukuma wiki ni mgeni, babu yake alikuwa Ulaya. Jina ndilo letu, na jina linasema ukweli wote: kitu cha kusukuma wiki mpaka mshahara ufike.

Gunia moja, mwezi mmoja

Sasa tufike kwa kukhu mwenyewe. Aliolewa mwaka 1960. Mtoto wa kwanza 1962, wa mwisho 1982. Tisa. Ukishtuka, jua hakuwa wa ajabu. Utafiti wa uzazi uliofanywa Kenya mwaka 1977 na 1978 ulipata kwamba mwanamke alitarajiwa kuzaa wastani wa watoto 8.1. Tulikuwa kati ya nchi zilizoongoza dunia. Ule wa 2022 ulipata 3.4. Yaani ndani ya maisha ya mtu mmoja tumetoka kwa meza ya watu kumi na moja mpaka meza ya watano, na bado tunapika kwa kumbukumbu ya ile meza kubwa.

Nilimuuliza kukhu alihesabu vipi chakula. Hakuwa na daftari. Alikuwa na gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Gorogoro moja na nusu ya mahindi kwa siku, watu kumi na mmoja, wengi wakiwa watoto. Hiyo ni kilo tatu. Gunia la kilo 90 linaenda mwezi mmoja kamili. Kwa hivyo kila mwaka, mavuno yakiisha kukaushwa, alisimama mbele ya ghala akihesabu magunia kumi na mawili. Yakiwa kumi, alijua kuna miezi miwili ya shida, na alijua ni ipi: Mei na Juni, wakati mahindi mapya yako shambani mabichi na ya zamani yameisha. Hiyo miezi iliishi kwa viazi vitamu, mihogo na ndizi. Ndiyo maana kila Desemba alikuwa anapanda viazi hata kama ghala limejaa. "Njaa haikuji ghafla," aliniambia. "Inakuja tarehe unaijua."

Kilichowezesha magunia kumi na mawili kutoka shamba dogo kilikuwa ni mbegu. Kule Kitale, watafiti walichukua mahindi ya huku kwetu wakayazalisha na aina iliyotoka Ecuador, na mwaka 1964 wakatoa haibridi ya kwanza, H611. Kukhu anakumbuka wakulima wakiizungumzia kama habari ya mchezo. Mavuno yalipanda sana. Lakini haibridi ina sharti: ukipanda mbegu uliyovuna mwenyewe, msimu unaofuata nguvu inapungua. Lazima ununue tena. Nyanya yake kukhu aliweka mbegu ya wimbi juu ya moto, kwa moshi, na hakuhitaji kumlipa mtu. Kukhu alikuwa ananunua mbegu na mbolea kila Februari. Kwa hivyo ile hadithi yangu ya "hakununua kitu" ilianguka kabla hata hatujafika kwa mboga. Ili asinunue unga, ilibidi auze kuku anunue mbegu.

Sasa weka hizo kilo tatu kwa Nairobi. Julai 2022, kabla serikali haijashusha bei, pakiti ya kilo mbili ilikuwa imefika 205. Pakiti moja na nusu kwa siku ni kama shilingi 307. Kwa mwezi ni zaidi ya 9,200, na hapo hujanunua chumvi. Bei iliposhushwa mpaka 100 kwa wiki chache, familia hiyo hiyo ingetumia 4,500. Hiyo tofauti ndiyo nilikuwa naiita uvivu kwa video. Mtu wa Kayole hana Februari ya kupanda wala Desemba ya viazi. Ana bei tu, na bei hiyo haipangi yeye.

Mboga ambayo haikuwa na bei

Hapa ndipo nilikuwa sahihi kidogo, kwa hivyo niacheni nifurahie.

Mboga kweli hakununua. Nyuma ya jikoni, pale maji ya kuosha vyombo yanamwagwa na majivu yanatupwa, kulikuwa na mrenda, likhubi (majani ya kunde), tsisaka, lisutsa (ndiyo mnaita managu), miro na majani ya malenge. Nyingi zilijiotea, yeye alichagua tu asing'oe. Likhubi ni ngumu, mrenda unateleza, kwa hivyo zinapikwa pamoja, moja inasaidia nyingine. Lisutsa chungu inalala usiku kwa maziwa, kesho yake imepoa ukali. Ikibaki, inapashwa siku ya pili na ya tatu, na inazidi kuwa tamu. Bila friji. Msimu wa kumbikumbi, watoto wanakamata tsiswa jioni, zinakaangwa bila mafuta kwa sababu zina mafuta yao. Mvua ikileta uyoga, hiyo ni nyama.

Na chumvi ya majivu, musherekha. Unachoma maganda ya maharage yaliyokauka, unaweka majivu kwa mkebe uliotobolewa chini, unamwaga maji, kinachodondoka ndicho unapikia. Kinalainisha mboga haraka, kuni zinapungua. Takataka ya maharage inapika mboga ya kula na ugali. Hakuna kitu kilitupwa.

Kuna kitu cha historia hapa ambacho kilinifurahisha. Watu wa Meksiko, walioyalea mahindi kwa maelfu ya miaka, walikuwa wanayachemsha na chokaa au majivu kabla ya kusaga, na hiyo inafungua vitamini fulani ambayo vinginevyo mwili hauipati. Wazungu walichukua mahindi wakaacha maarifa. Matokeo yake, maskini wa Italia na baadaye wa kusini mwa Marekani walioishi kwa mahindi peke yake walipata ugonjwa wa pelagra: ngozi inababuka, akili inachanganyika, watu wanakufa. Kwa kukhu haikuwa hivyo kwa sababu sima haikukaa peke yake. Kulikuwa na maharage, kunde, tsimbande na hizo mboga. Mahenjera, ile mahindi na maharage mnaita githeri, ilimpa mtoto protini kamili kuliko mahindi peke yake au maharage peke yake. Hakusoma hiyo mahali. Aliona tu watoto wa nyumba ya sima na chumvi wanavyokaa.

Halafu tukaanza kuziita mboga za maskini. Shuleni na kwa mabwana shamba, kabichi na sukuma ndizo zilikuwa mboga, hizi zingine zikawa magugu ya kung'oa. Ilihitaji watu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kutumia miaka mingi akionyesha kwa utafiti kwamba managu na tsisaka zinashinda kabichi kwa madini na vitamini. Leo supamaketi inakuuzia kifungu kimefungwa kwa utepe. Sawa. Ingawa kukhu aliposikia bei alicheka mpaka akakohoa.

Saa za senje

Siku moja mwezi wa Aprili nilikuwa narekodi tena. Nilitaka video ya pili, "Kula kama kukhu kwa shilingi 50". Nikamuuliza kukhu, mbele ya kamera, sahani moja ya wakati ule ilikuwa inagharimu pesa ngapi.

Kukhu akanyamaza kidogo, akaelekeza kidole nje, pale senje alikuwa anapepeta maharage. "Muulize huyo. Yeye ndiye alilipa."

Nilidhani ni utani. Nikatoka na simu. Senje akaniambia nizime kamera, nikazima. Halafu akanihesabia siku moja ya mwaka 1977, akiwa darasa la sita, bila hasira, vile mtu anasoma risiti.

Saa kumi na moja asubuhi, mtoni na debe la lita ishirini, ngata kichwani. Mara mbili kabla ya shule. Kila safari nusu saa, na kurudi ni mlima. Kufagia jikoni, kutoa majivu, uji wa wadogo. Shule. Saa kumi jioni, kuni. Siku ya kusaga, kupeleka mahindi kwa mtambo wa posho na kupanga foleni, mtoto mgongoni. Mtoni tena. Kuchambua mboga: unajua mrenda wa watu kumi na mmoja ni majani mangapi? Kila jani linanyofolewa kwa mkono. Kuosha vyombo gizani. Kazi ya shule kwa mwanga wa koroboi kama mafuta yapo.

Niliandika kwa karatasi. Saa tano na nusu kwa siku, siku za shule. Jumamosi ilikuwa siku nzima kwa sababu ya kufua na shamba. Nilipojumlisha, ilipita saa 35 kwa wiki, yaani karibu na kazi ya ofisi, na alikuwa na miaka kumi na tatu. Nikauliza baba yangu na ndugu zake walifanya nini. "Waliangalia ng'ombe. Halafu walisoma."

Mboga haikuwa na bei kwa sababu senje hakuwa na mshahara. Kuni zilikuwa za bure kwa sababu mgongo wake ulikuwa wa bure. Kile nilikiita ubanifu wa kukhu, nusu yake ilikuwa ni akili ya kukhu kweli, na nusu nyingine ilikuwa ni utoto wa msichana mmoja.

Tena kuna mezani. Kwa Waluhya wa wakati wa nyanya yake kukhu, mwanamke hakuruhusiwa kula kuku. Kwa kukhu marufuku hiyo ilikuwa imeisha, lakini imondo, ule finigi, ulikuwa wa mwenye nyumba, mapaja ya wageni na wavulana, na wasichana walipata shingo na mchuzi. Aliyemlisha kuku, aliyemkimbiza, aliyemchinjisha na kumnyonyoa, alikula shingo.

Desemba 1973, serikali ilitangaza kwamba karo imeondolewa darasa la kwanza mpaka la nne. Shule zikajaa. Halafu zikaanza kudai pesa za ujenzi, na mahali pengine pesa hizo zilizidi karo iliyoondolewa. Ukiwa na watoto tisa, unachagua. Senje alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1978 na akapita. Barua ya kuitwa sekondari ilikuja. Kukhu anasema ilikaa juu ya kabati mpaka karatasi ikawa rangi ya chai. Hakukuwa na pesa ya wote, na nani angeshika jikoni? Kuka, mungu amrehemu, alisema wavulana kwanza. Baba yangu alikuwa na miaka minane. Miaka kadhaa baadaye alienda sekondari, akapata kazi, akanizaa, akanipeleka chuo.

Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili. Sasa unaelewa kwa nini senje alienda kuchukua jembe.

Nililia? Niache. Lakini nilifuta ile sehemu ya "kizazi cha uvivu" kwa maelezo ya akaunti yangu.

Basi tuache kupika kienyeji?

Hapana. Sitaki usome hii uende kununua chipsi ukisema historia imekuruhusu. Maarifa ya kukhu ni halisi na yanaweza kukusaidia hata kwa chumba kimoja. Nimejaribu haya mwaka mzima:

Loweka maharage usiku. Gesi inapungua sana. Pika ya siku tatu mara moja, gawa kwa mikebe.

Gunia moja la mchanga na samadi kwa veranda linabeba managu, terere na sukuma pembeni kote. Watu wa Kibera wamelima kwa magunia kwa miaka. Haitakulisha kabisa, usidanganywe, lakini mboga ya mara tatu kwa wiki inatoka.

Jua miezi yako ya njaa. Kukhu alikuwa na Mei na Juni. Wewe una tarehe 18 mpaka 30. Panda "viazi" vyako mapema: wakati mshahara unaingia, nunua nafaka na maharage kwanza, kwa gorogoro, si kwa pakiti ndogo ndogo za kadogo ambazo ukizijumlisha ni ghali.

Na la nne ndilo nimeandikia post nzima. Kabla hujasema chakula ni cha bei rahisi, uliza ni saa za nani. Kama ni za mama yako, dada yako, au ule msichana wa kazi anayelala jikoni, basi si rahisi. Imehamishwa tu mfuko. Wanaume wenzangu, kuchambua mrenda hakuvunji vidole. Nimehakikisha.

Na mtu akilia bei ya unga, tafadhali usimtumie ile video yangu. Kukhu alikuwa na shamba, mvua mbili, mto na msichana. Ukimnyang'anya mtu hivyo vyote halafu umwambie ajifunze kubana matumizi kama bibi yake, hiyo ni matusi. Nilitusi watu wengi sana, na niliwatusi kwa sauti nzuri na mwanga mzuri. Pole.

Desemba tunaketi

Kuna jambo la mwisho na ndilo gumu, na najua baadhi ya ndugu zangu wanasoma hapa.

Shamba la kukhu bado liko kwa jina la kuka. Wazee wa nyumba wameitisha kikao Desemba hii kupanga vile litagawanywa siku ikifika. Nimeona mchoro, umechorwa kwa karatasi ya daftari: vipande vitano, vya wana watano. Pale nyuma ya jikoni, penye mrenda na tsisaka, pale senje amelima tangu ndoa yake ivunjike na arudi kumtunza mama yake, pamepewa mjomba ambaye hajafika nyumbani miaka sita. Jina la senje halipo. Wala la dada zake watatu.

Sheria ya Urithi ilianza kutumika 1981. Haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Mjane ana haki ya kukaa na kutumia maisha yake yote, na baada yake watoto wanagawana sawa. Katiba ya 2010 ikaongeza kwamba ubaguzi wa kijinsia kwenye ardhi uondolewe. Hii si maoni ya mtoto wa Nairobi aliyeharibiwa na intaneti.

Mimi ni mjukuu, na mjukuu kwa kikao kama hicho kazi yake ni kupanga viti. Nimeongea na baba. Alikaa kimya muda mrefu, akasema, "Hiyo ni maneno ya wazee." Nikamuuliza nani alikuwa anampikia uji akiwa darasa la pili. Hajanijibu mpaka leo, lakini pia hajanikatia simu.

Nilimwambia senje nataka kuzungumza Desemba. Nilidhani atafurahi. Aliendelea kunyofoa majani, akaniambia, "Kama utazungumza, kuja na ile karatasi yako ya masaa. Mimi nikisema watasema nalia." Halafu akanisukumia nusu ya mrenda upande wangu wa ungo.

Karatasi iko kwa pochi. Saa 35 kwa wiki, kutoka 1974 mpaka alipoolewa 1984, toa siku ambazo alikuwa mgonjwa, ambazo anasema zilikuwa mbili.

Hesabu mwenyewe. Halafu niambie kwa komenti: nyumbani kwenu, nani alilipa?